Mti wa Kanisa Huchumwa Siku Isiyo na Upepo

Petrovigla, 26 Oktoba 1851, sikukuu ya Mtakatifu Dimitri

Askofu anataka historia. Amewaandikia mapadri wote wa milimani: kila mmoja aeleze kijiji chake kilianza lini, kina majengo gani ya kale, na mambo gani ya kukumbukwa yametokea hapo. Baba, ambaye ndiye padri wa hapa, alicheka hadi akakohoa. Macho yake yalizima mwaka juzi, kwa hiyo barua nilimsomea mimi, na majibu nitaandika mimi, maana juu ya mlima huu hakuna mwingine ajuaye kalamu. Alinifundisha mimi kwa sababu mdogo wangu Lambros alikuwa hakai kitako.

"Anza na kanisa," alisema. "Kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli, lina miaka mia saba, limejengwa kwa mawe ya hekalu la wapagani. Umeandika? Aliuawa mlangoni Yorgis Lekakos, na Ravdakos, kutoka mnara wao, tundu la pili la bunduki."

"Baba, askofu ameuliza majengo."

"Na mimi namjibu majengo. Jengo bila maiti hapa utalipata wapi? Andika."

Nikaandika. Lakini karatasi alizotuma askofu ni nyingi kuliko historia yetu, na zinazobaki nimezichukua. Yeye atapata ya kale. Ya mwaka huu naandika humu.

Mimi ni Paraski. Nilizaliwa ukoo wa Lekakos, nikaozwa kwa Ravdakos ili koo mbili ziache kuuana. Ziliacha miaka mitano. Aprili iliyopita Lambros alimpiga Nikitas, mdogo wa mume wangu, risasi ya shingo pale kwenye birika, kwa sababu ya ndoo ya maji na neno moja kuhusu marehemu mama yetu. Nikitas alikunywa damu yake badala ya maji. Tangu siku ile mume wangu Thodoros hajanyoa ndevu, na hatanyoa hadi amuue ndugu yangu. Lambros ndiye mwanamume wa mwisho katika nyumba ya baba.

Leo wazee wametangaza treva. Kuanzia asubuhi hii hadi zeituni ya mwisho ishuke mtini, hakuna bunduki itakayolia Petrovigla, maana maiti hachumi na zeituni hazisubiri matanga. Wanaume wametoka kwenye minara wanamojifungia wakipepesa macho juani. Nimemwona Thodoros na Lambros wakipishana njiani, mabega nusura yagusane. Nimemwaga dengu.

28 Oktoba

Tumechuma. Mgongo unaniuma.

3 Novemba

Mavuno ni mazuri mno. Kila mtu anashukuru, mimi naomba yawe mengi zaidi, yasiishe hadi Pasaka.

Mama mkwe, Mama Stamata, ametundika shati la Nikitas juu ya meko. Damu imekauka imekuwa nyeusi na ngumu. Kila chakula cha jioni analishusha, analitandaza mezani kati ya mkate wa shayiri na zeituni, kisha anamwambia Thodoros, "Mkaribishe mdogo wako, ana njaa." Thodoros anakula kichwa kimeinama, ndevu zinagusa sahani.

Leo nilisogeza shati kidogo nipate pa kuweka chungu. Alinizaba kofi nikaona nyota.

"Usimguse mwanangu kwa mkono wa Lekakos! Miaka mitano umekaa kwangu, tumbo lako halijatoa hata bunduki moja. Umekuja kula tu na kutuhesabia risasi."

Hapa mtoto wa kiume huitwa bunduki. Nilitaka kumjibu kwamba alikuwa nazo mbili na moja imemshinda kuitunza. Nilimeza maneno kwa sababu Thodoros alikuwa ananitazama, na sikujua anatazama nini.

Namchukia yule mama. Naandika wazi, karatasi haina masikio.

8 Novemba, Malaika Wakuu

Kanisa lilijaa. Lekakos upande wa kulia, Ravdakos kushoto, bunduki zimepangwa nje ukutani kama majembe. Watakatifu waliochorwa ukutani hawana macho, Waturuki waliyachokoa kwa visu zamani za babu. Baba husema wana bahati. Taa ya Malaika ilikuwa inawaka vizuri. Mafuta yake hutoka mti mmoja tu, mzeituni mkongwe ulioota nyuma ya kanisa kwenye ukingo wa genge linaloangukia baharini. Mti ule hauna mwenyewe. Nyumba ya padri huuchuma baada ya mingine yote, siku isiyo na upepo, maana ukipanda pepo zikivuma utaokotwa baharini.

11 Novemba

Mbwa wetu amekutwa na koo wazi mlangoni. Mchana, mbuzi wawili wa binamu yangu Panos Lekakos wamekutwa vivyo hivyo. Wazee wamesema treva haihusu wanyama.

14 Novemba

Siku mbaya. Nimeosha nguo mara tatu na maji bado yanatoka mekundu.

Kinu cha mafuta ni kimoja kwa kijiji kizima, kwa hiyo koo hupeana zamu. Zamu ya Lekakos ilikuwa inaisha, ya Ravdakos inaanza, na mimi niko katikati nafagia makapi, kwa kuwa ni wa kote na si wa popote. Lambros alikuwa anabeba mtungi wake wa mwisho. Kiriakos, binamu wa mume wangu, alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna tini. Huyu Kiriakos ana mdomo ambao Mungu aliutengeneza bila mlango.

"Jaza, jaza, Lambro," alisema. "Jaza na ya kukupaka maiti."

"Nitakupaka wewe kwanza," Lambros alisema. "Ila huo uso mafuta hayatautosha."

Watu walicheka, hata wa kwetu. Kiriakos akainuka polepole, akatema mate ya tini ndani ya mtungi.

Sikuona nani alianza. Niliona mtungi umepasuka, mafuta yametapakaa sakafuni, na wote wawili wako chini wanateleza na kung'ang'aniana. Treva inakataza bunduki na kisu. Haikatazi meno. Kiriakos alimng'ata Lambros sikio, akalivuta hadi kipande kikatoka. Lambros alimshika nywele akamgongesha uso kwenye jiwe la kinu, mara ya kwanza, ya pili, nikasikia pua inavunjika. Panos na wenzake wakaruka ndani. Wa kwetu wakaruka. Nikisema "wa kwetu" sasa sijui namaanisha nani. Nilipigwa fimbo ya kuchumia ubavuni na mtu ambaye sikumwona.

Aliyewaachanisha ni Thodoros. Aliingia amebeba koleo la majivu ya moto akayamwaga juu yao wote bila kuchagua. Walitawanyika wakipiga mayowe.

"Mna wazimu?" alinguruma. "Mwataka kuivunja treva zeituni ziko mtini? Mtakula nini, ndevu zangu?"

Kisha akamtazama Lambros, aliyekuwa ameshika sikio damu ikimtiririka hadi kiwikoni. Mara ya kwanza tangu Aprili wametazamana. "Nenda nyumbani," alimwambia. "Siku yako haijafika."

Niliona ni ukatili wa mtu anayeitunza nyama yake isichukuliwe na wengine.

15 Novemba

Mvua.

16 Novemba

Mvua. Zeituni zinaanguka zenyewe matopeni, tunaziokota moja moja. Nimefurahi. Ni kazi ya polepole.

21 Novemba

Leo baba amefika kwenye birika. "Birika la mvua lilichimbwa na Wafranki pamoja na ukuta wa juu. Maji yake ni matamu. Waliouawa hapo..." Nilijua amefika kwa Nikitas, na muuaji ni mwanawe.

"Andika," alisema. "Nikitas Ravdakos, na Lambros Lekakos, kutoka hatua nne. Kwa kosa la neno."

"Tuliache hili, baba. Ni la juzi."

"La juzi ndilo litakalokuwa la kale. Sijamficha Ravdakos hata mmoja, nimfiche wangu?"

Yeye ndivyo alivyo. Hajui kudanganya, na ukimwomba akudanganyie atakusahihisha.

Lambros alikuwa kando ya meko na kitambaa sikioni. Nilimfuata ghalani nikamwambia mpango wangu. Nahodha Manolis wa Kithira huja kila mwaka mavuno yakiisha kupakia mafuta kwenye ghuba iliyo chini ya mlima. Nimempelekea ujumbe kupitia mwendesha nyumbu, akajibu kwamba atamchukua Lambros hadi Aleksandria. Anachotaka ni bahari itulie tu, ghuba yetu ina meno.

"Nikimbie?" Lambros alisema. "Waseme Lekakos amekimbia?"

"Waseme. Wakisema utakuwa hai unawasikia."

"Dada, wewe umeshakuwa Ravdakos. Wewe unaona aibu ni kitu cha kufua."

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili kama nilivyokuwa nikimpiga utotoni, nikamwambia kwamba nilimbeba mgongoni mama alipokufa, nikamtafunia mkate, na sikumtafunia mkate ili aje kuwa mstari kwenye karatasi ya askofu. Alinishika ngumi zote mbili. Kisha akasema, "Usilie, basi. Mashua ikija, nitapanda. Lakini nitapanda siku ambayo hakuna anayeniona."

6 Desemba, Mtakatifu Nikolao

Mtakatifu wa mabaharia, na bahari imechafuka hadi povu linatua kwenye shamba la chini. Upepo wa kusini. Hakuna mashua.

10 Desemba

Upepo. Mashamba ya Lekakos yamekwisha.

13 Desemba

Ya Ravdakos yamekwisha leo. Kinu kimefunikwa gunia. Mti wa kanisa peke yake ndio umebaki, na upepo unauyumbisha juu ya genge, umejaa zeituni nyeusi tele. Wazee wamekaa wakasema: mti ule nao ni mti wa Petrovigla, treva inaendelea hadi uchumwe.

Sikulala kwa furaha. Ni hesabu ya ajabu, lakini ndiyo hiyo. Upepo ukivuma, mti hauchumwi na mashua haiji. Upepo ukitulia, mashua itakuja, na Lambros atakuwa baharini kabla ya mtu kukumbuka kikapu.

Baba aliniuliza kama mavuno yamekwisha. Nikamwambia bado, Ravdakos wana matuta mawili huko chini. Akijua kwamba wa kanisa ndio wa mwisho, atawatajia wazee siku ya kuuchuma, maana hajui kuficha. Nimemwonya Lambros asimwambie. Aliitikia.

17 Desemba

Kiriakos, na pua yake iliyopinda, alikwenda nyuma ya kanisa kuupiga mti mawe ili zeituni ziporomoke. Thodoros alimfuma. Sijawahi kumwona mume wangu akipiga hivyo. Alimvuta kwa mguu hadi kwenye ukingo wa genge, akamning'iniza kichwa chini, mawe yakiporomoka kando ya masikio yake.

"Huu mti wa Malaika, mbwa wewe! Utauchuma kwa mawe?"

"Unaogopa, Thodoro!" Kiriakos alipayuka akiwa ananing'inia. "Unaogopa uishe! Mdogo wako anaoza na wewe unalinda miti!"

Thodoros alimrudisha juu, akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia kimoja baada ya kingine. Kiriakos alilia kama mwanamke anayezaa, na mimi sikumwonea huruma.

Jioni Mama Stamata alilitandaza shati. "Mti umekwisha?" aliuliza.

"Bado, mama. Upepo."

"Kila siku upepo."

"Nikauzime?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akimjibu mama yake hivyo. Usiku alikaa kitandani muda mrefu anajikuna ndevu. Nilimwuliza anawaza nini. Akasema, "Zinawasha," akageukia ukuta.

22 Desemba

Upepo. Watoto wa njiani wameanza kumwimbia Lambros: *mume wa mti, mume wa mti, mkeo akijifungua utakwenda wapi?* Anacheka nao. Kicheko chake si kizuri.

25 Desemba, Noeli

Upepo. Tumekula nguruwe. Mama Stamata alimwekea Nikitas sahani.

30 Desemba

Naandika kwa sababu mikono isipoandika itafanya jambo jingine.

Juzi, tarehe ishirini na nane, niliamka nikasikia kimya. Milango haigongi. Nilitoka juu ya dari la mnara, na bahari ilikuwa imelala kabisa, kama maziwa ndani ya bakuli. Mbali, upande wa Kithira, palikuwa na tanga. Nilipiga magoti. Nikapasha mkate, nikafunga tini na nyama kwenye kitambaa kwa ajili ya safari yake, nikauficha mzigo ndani ya ndoo nikatoka, kwani mwanamke mwenye ndoo hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Sikujua kwamba baba naye aliamka akasikia kimya kile kile. Taa ya Malaika ilikuwa imezimika usiku, mafuta ya mwaka jana yamekwisha. Baba aliisikia harufu ya utambi uliokufa, akatoka mlangoni, akanyoosha shavu lake hewani, kisha akarudi ndani kumwambia mwanawe, "Leo hakuna upepo. Malaika yuko gizani, hawezi kungoja matuta ya Ravdakos. Chukua kikapu ukachume mti wa kanisa."

Shangazi, anayempikia baba, alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema Lambros alisimama muda wa mtu kuvaa viatu. Angeweza kusema, baba, huu ndio wa mwisho, nikiuchuma nimekufa. Maneno saba. Lakini kumwambia baba yako padri kwamba unaogopa kupanda mti, baada ya juma zima la kuitwa mume wa mti, hilo hawezi mwanamume wa Petrovigla. Wanaweza kila kitu kingine. Alisema, "Ndiyo, baba. Naomba baraka yako." Baba alimwekea mkono kichwani bila kuuliza baraka ya nini, kwa kazi ya kuchuma kikapu kimoja.

Nilifika kwenye birika nikamwona juu ya mti. Alikuwa amefika nusu. Alikuwa anakwanyua matawi kwa vidole, taratibu, zeituni zinadondoka kwenye kikapu alichokifunga kiunoni.

"Lambro!" nilipiga kelele. "Shuka! Acha! Mashua hiyo hapo!"

"Nimeiona, dada. Nzuri. Tanga limetiwa kiraka."

"Acha zilizobaki! Acha hata moja, mpumbavu wewe, acha moja!"

"Nikiacha moja watasema niliiacha."

Nilipanda. Nilikuwa na ndoo bado, sijui kwa nini sikuiacha. Nilimshika kisigino. Alikuwa ameshachuma hadi tawi la juu kabisa, lile linaloangalia bahari, nikamwona akinyoosha mkono, akachuma zeituni moja, akaitazama, akaila. Ilikuwa chungu, alikunja uso. "Ptuu," alisema. "Kwa hii?"

Akateremka. Alinipita, akanibusu kipaji. Akatembea na kikapu kiunoni kuelekea mlango wa kanisa, katikati ya uwanja, si kando ya ukuta. Mnara wa Ravdakos, mnara wangu, uko pale pale. Nilikimbia nyuma yake nikipanua mikono, maana mwanamke hapigwi risasi, nikiweza kumfunika ataokoka. Alinisikia akaongeza mwendo.

Kutoka tundu la pili nilisikia *tak*, chuma juu ya chuma, bila moto. Nikasikia sauti ya Kiriakos ikitukana. Nikafikiri, Mungu wangu, baruti imelowa, tumepona. Kisha sauti ya Mama Stamata, wazi kama ya mtu anayeita kuku: "Shika bunduki ya Nikitas, Thodoro."

Ilimpata chini ya bega la kushoto ikatokea kifuani. Alikwenda hatua mbili bila kujua. Kisha miguu ikakunjika, akaanguka juu ya kikapu, na zeituni zikaviringika hadi kwenye kizingiti alipouawa Yorgis. Nilimgeuza. Kila alipopumua povu jekundu lilitoka kifuani. Niliziba tundu kwa kiganja nikahisi moyo unanipiga mkononi kama ngumi ya mtoto, halafu ukaacha. Nilikuwa nikimwambia amka, mashua. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

Baba alitoka akipapasa ukuta. "Nani amepigwa? Nani?" aliuliza. Alipiga magoti, mkono wake ukapita usoni, ukafika kwenye sikio lisilo na kipande, ukaishia hapo.

Mara minara yote ikalipuka. Panos na binamu zake walimimina risasi juu ya Ravdakos, Ravdakos wakajibu. Wanawake tuliivuta maiti ndani ya kanisa tukiwa tumeinama, chokaa ikituangukia, na watakatifu wasio na macho wakapigwa upya. Vita vilikwenda siku ile yote na usiku wote. Kiriakos amepoteza taya la chini, yu hai, lakini amenyamaza. Mdogo wa Panos amevunjwa goti. Paa la ghala letu limeungua. Mashua ilisikia bunduki ikageuza.

Alfajiri nilipenya kwenda mnarani kuchukua nguo nyeusi. Mwanamke anapita. Thodoros alikuwa amekaa kwenye kiti, na mama yake anamnyoa. Alikuwa anamnyoa vizuri, taratibu, kwa maji ya moto. Mashavu chini ya ndevu yalikuwa meupe kama ya mgonjwa. Hakuniangalia. Suruali yake ilikuwa sakafuni, nikaiokota kwa mazoea tu kupekua mifuko kabla ya kufua. Ndani palikuwa na jiwe la gumegume. Jiwe la bunduki yake mwenyewe, lile linalotoa cheche. Alikuwa amelifungua mapema, ndiyo maana ikasema *tak*.

Nililiweka mezani mbele yao wote wawili. Mama Stamata alilitazama jiwe, akamtazama mwanawe, wembe ukasimama hewani. Kisha mama yule akakaa chini sakafuni, taratibu, akajifunika uso kwa aproni. Sijawahi kumwona akikaa chini.

Sikuwa na huruma kwa yeyote. Nilichukua nguo nikaondoka.

31 Desemba

Leo tumemzika. Risasi zilisimamishwa hadi jua litue. Niliimba maombolezo mimi, nikamtukana Malaika kwa jina lake, na hakuna aliyenikataza.

Kaburini Panos alipandisha bunduki begani akaanza kuapa kama ilivyo desturi: kwamba damu ya Lambros itachukuliwa kwa damu ya Thodoros, na mwana wa Thodoros kama atamzaa, na...

"Nyamaza," baba alisema. "Sijamaliza historia. Paraski, karatasi."

Nilikuwa nazo kifuani. Watu walidhani uchungu umemfanya arukwe na akili.

"Andika. Mzeituni wa kanisa. Mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Huchumwa siku isiyo na upepo. Aliuawa kwa ajili yake Lambros Lekakos." Alivuta pumzi. "Na Papa-Stratis, baba yake. Kutoka mlango wa nyumba. Kwa neno moja."

"Papa!" Panos alisema. "Kila mtu ameona moshi ulitoka wapi!"

"Umeona moshi. Mimi nilisema *nenda*. Aliyemtuma ndiye aliyemuua, na damu ya mtoto aliyeuawa na baba yake hailipwi na ukoo mwingine. Ndiyo sheria yetu au nimesahau?"

"Unatunyima damu yetu!"

"Sijawanyima. Iko hapa." Alifungua joho lake mbele, mifupa ya kifua ikaonekana, mvi chache. "Wewe unataka kuua muuaji wa Lambros. Mimi hapa, sitikisiki, wala sikuoni. Piga, mwanangu."

Panos alimwelekezea. Naapa alimwelekezea, na kidole kilikuwa kwenye mtambo. Mdomo wa bunduki ulitetemeka, ukashuka hadi kwenye tumbo la baba, ukapanda tena. Kisha Panos akalia kwa sauti kama ng'ombe, akafyatua ardhini karibu na mguu wa baba, udongo ukatuangukia sote. Akaitupa bunduki akaondoka.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Stamata amesimama nje ya geti, peke yake, upande ambao Ravdakos hawaji. Alikuja hadi ukingoni. Watu walimpisha. Alikuwa na lile shati. Alilikunja mara mbili, kama mtu anayekunja nguo ya kuweka kabatini, akalitupa juu ya jeneza la ndugu yangu.

"Wameshiba," alisema. "Wote wawili." Akaniangalia. Nilidhani nitamrukia shingoni. Sikumrukia.

6 Januari 1852, Epifania

Kimya tangu wiki iliyopita. Mwendesha nyumbu anaondoka kesho na karatasi za askofu.

Zeituni za kikapu kile niliziokota zote, nikazisaga kwa mkono, maana kinu kimefunikwa. Mafuta yametoka kidogo, meusi kidogo. Taa ya Malaika inawaka.

Kwa Thodoros nimerudi. Sina pengine, na baba ameninunulia kurudi huko kwa kifua chake. Napika, anakula. Jiwe la gumegume bado liko mezani, hakuna aliyeliondoa. Jana alisema, "Nilidhani upepo utakaa hadi Februari," nikamwambia, "Na mimi." Ndiyo mazungumzo yetu yote ya wiki.

Leo nilimsomea baba historia nzima tangu mwanzo, kanisa, minara, birika, ukuta, mti. Alisikiliza akitikisa kichwa. Nilipofika mwisho akaniuliza, bila hasira, "Matuta mawili ya Ravdakos huko chini. Yalikuwepo?"

"Hapana, baba."

"Ulijua kwamba ule ndio wa mwisho."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungewaambia wazee."

Alifikiri. Nilisikia utambi ukitafuna mafuta upande wa pili wa ukuta. "Ningewaambia," alisema. Akanyoosha mkono akatafuta wangu, ule wa kalamu, akaufunika kwa wake.

"Hilo usiandike," alisema.